Nairobi Ilivyogeuka Samawati

Tangu mwaka 2019, Mkenya yeyote mwenye noti mfukoni hutembea na jengo. Noti zote tano zilizotolewa mwaka huo, kuanzia ya shilingi 50 hadi ya shilingi 1,000, zina picha ya jumba moja: Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, ambalo wakazi wa Nairobi hulitaja kwa herufi tu, KICC. Kwenye karatasi hizo jumba limelazimika kuazima rangi ya kila noti. Mtu akitaka kuiona rangi yake halisi ni lazima aende katikati ya mji, ainue macho juu ya miti ya uwanja wake. Hapo atakuta wekundu wa kigae, rangi ya udongo uliotoka tanuruni, rangi ile ile inayoganda kwenye viatu vya anayepita Kilimani au Lavington mvua za Aprili zikinyesha.

Kisha ageuke atazame upande wa Upper Hill. Huko minara ni mirefu zaidi, na karibu yote imevaa vioo: samawati, kijani cha bahari, kijivu cha wingu. Umbali kati ya mandhari hizo mbili ni mwendo wa matatu wa dakika chache. Kati yake lakini kuna miaka hamsini ya maamuzi ambayo hayajawahi kupigiwa kura wala kujadiliwa vya kutosha, nayo ndiyo yaliyoipa Nairobi sura inayoonekana leo kwenye kadi za posta, ile ya twiga mbele na maghorofa nyuma.

Mara nyingi rangi ya jengo huchukuliwa kama jambo la ladha. Mwenye jengo anapenda buluu, basi ni buluu. Historia ya Nairobi inasimulia mengine. Rangi za mji huu zimeamuliwa zaidi na mahali kifaa kilikotoka, nani alikilipia, na jinsi msanifu alivyolichukulia jua. Hili la tatu ndilo lililosahauliwa, na ndilo linaloumiza.

Mji wenyewe ulianza ukiwa wa mabati. Reli ilipofika hapa mwaka 1899 hapakuwa na mji, palikuwa na bwawa la nyasi na mto ambao Wamaasai waliuita kwa ubaridi wa maji yake. Kambi ya reli ilijengwa kwa vitu vilivyoletwa na reli yenyewe: mbao, turubai, na mabati ya mikunjo yaliyovuka bahari kutoka Uingereza. Tauni ilipoingia kwenye soko la Wahindi mwanzoni mwa miaka ya 1900, wakubwa wa wakati huo waliamuru soko lichomwe moto. Bati na mbao zikaonekana ni vitu vya kupita. Waliokusudia kukaa wakaanza kuchimba chini.

Na chini kulikuwa na utajiri. Nairobi imekaa juu ya tabaka za mawe yaliyomwagwa na volkano za Bonde la Ufa. Baadhi ya tabaka hizo ni majivu yaliyogandamana yakawa jiwe la kijivu, gumu kiasi cha kubeba ghorofa na laini kiasi cha kuchongwa kwa nyundo na patasi. Waashi wa Kihindi, wengi wao waliokuja kwa sababu ya reli, walilipatia jiwe hilo sura ya mji. Jamatkhana ya Waismailia iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikiwa na saa yake inayotazama Moi Avenue, ni jiwe hilo. Kipande House ya mwaka 1913, ambako baadaye Waafrika walipangwa foleni kuchukua kipande, kitambulisho cha kuvaliwa shingoni, ni jiwe. Jiwe halikuchagua wa kumtumikia. Lakini liliupa mji wa zamani umoja wa rangi ambao haukuagizwa na sheria yoyote: kijivu chenye chembechembe, kinachokuwa karibu cheusi mvua ikinyesha na kufanana na ngozi ya tembo jua likitoka. Juu yake vikakaa vigae vyekundu vya mtindo wa Mangalore, na kijani cha miti. Zilikuwa rangi tatu tu, na picha za zamani zinaonyesha kwamba zilitosha.

Misikiti na makanisa yalipata nafasi ya kutofautiana. Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya 1925 na 1933, uliinua kuba zake za rangi ya fedha katikati ya ukijivu huo, na mpaka leo, ukiwa umezungukwa na majengo yaliyouzidi kimo mara nyingi, bado jicho huanzia kwake.

Aliyeanza kuuliza swali la jua kwa uzito ni mtu aliyetoka mbali sana na ikweta. Amyas Connell, mzaliwa wa New Zealand, alikuwa amejipatia jina Uingereza kwa nyumba nyeupe za zege zenye madirisha mapana, kama ile ya High and Over kule Amersham. Alipohamia Afrika Mashariki miaka ya 1940 aliona haraka kwamba ukuta mweupe na dirisha pana vilivyoalika jua la Uingereza, hapa vingelialika hadi likae mezani pa karani. Majengo ya Bunge aliyoyasanifu, yaliyoanza kujengwa miaka ya 1950 na yenye mnara wa saa unaojulikana nchi nzima, yalirudi kwenye jiwe. Katika ofisi za wanasheria wa serikali karibu na hapo alikwenda mbele zaidi: alifunika madirisha kwa wavu wa zege wenye matundu ya maumbo, dada wa zile mashrabiya za mbao zinazoonekana katika nyumba za kale za Waarabu. Ukuta ukawa na tabaka mbili, la nje likipokea jua, la ndani likipokea upepo. Rangi ya jengo kama hilo haiwezi kutajwa kwa neno moja, kwa sababu nusu yake ni kivuli, na kivuli hutembea kutwa.

Connell alishiriki kuanzisha kampuni ya usanifu ya Triad miaka ya 1960. Jina hilo lishikwe, litarudi.

KICC ilizaliwa katika mkondo huo huo. Ilianza 1967 kama makao makuu ya chama cha KANU, mradi wa kiasi. Wasanifu walikuwa Karl Henrik Nøstvik, Mnorwe aliyekuwa akifanya kazi serikalini, na David Mutiso, mmoja wa wasanifu wa kwanza Waafrika nchini. Habari zilipofika kwamba Nairobi ingepokea mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1973, jengo likakua pamoja na tamaa ya taifa changa: mnara wa ghorofa 28, mita 105, ukumbi mkubwa, na kando yake ukumbi mwingine wenye paa la pia iliyochongoka ambalo watu wengi hulifananisha na nyumba ya msonge. Septemba 1973 wageni waliingia.

Linalostahili kutazamwa kwa makini ni uso wake. Mnara wa umbo la duara hauna upande wa kulikimbia jua. Mashariki yake huchomwa asubuhi, magharibi yake alasiri. Kwa hiyo madirisha yamerudishwa ndani, nyuma ya vizuizi vya zege vinavyouzunguka mnara mzima, na macho ya anayetazama kutoka mbali huona kwanza zege, kisha kivuli, na vioo mwisho kabisa. Zege hiyo ingeweza kuachwa kijivu kama majengo mengi ya miaka hiyo duniani. Hapa ilipewa rangi ya udongo. Magharibi ya Nairobi ni udongo mwekundu wa volkano, mashariki ni ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa magari masika. Jengo lilisimamishwa karibu na mpaka wa udongo huo wa aina mbili na likachukua upande wa wekundu. Vumbi likilikalia, hakuna anayejua. Baada ya miaka zaidi ya hamsini bado linaonekana kana kwamba lilikusudiwa kuzeeka.

Si kila jengo la zege la wakati huo lilifanikiwa hivyo. Nyayo House, iliyokamilika 1983 na kupewa umanjano ulioiva, ina uso mzito usiosahaulika, ingawa waliopitia seli zake za chini, ambako wapinzani wa serikali waliteswa miaka ya 1980, wanaikumbuka kwa giza lake wala hawaikumbuki kwa rangi.

Hapa hesabu ndogo inahitajika, kwa sababu mjadala wote wa vioo unategemea hesabu hiyo. Nairobi iko digrii moja na kitu kusini mwa ikweta. Hata mwezi wa Juni, jua likiwa limekwenda kaskazini mpaka mwisho wake, saa sita mchana linakuwa kwenye pembe ya digrii 65 hivi kutoka usawa wa ardhi. Maana yake kwa dirisha linalotazama kaskazini ni hii: bamba la zege linalotokeza juu ya dirisha kwa upana usiofika hata nusu ya urefu wa dirisha lenyewe linaweza kulifunika lote kwa kivuli saa ya mchana. Upande wa kusini, mwezi wa Desemba, mambo ni mepesi zaidi. Balaa liko mashariki na magharibi. Huko jua hupiga likiwa chini, ana kwa ana, na kibaraza cha juu hakisaidii kitu. Yanahitajika mapezi ya wima, au wavu kama wa Connell, au ukuta mzima wenye madirisha machache. Mwanafunzi wa usanifu hufundishwa hili mwaka wa kwanza. Jengo refu lililonyooshwa kutoka mashariki hadi magharibi, likionyesha jua ncha zake nyembamba, limekwisha kushinda nusu ya vita kabla halijachaguliwa rangi.

Mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Joto la mchana kwa kawaida huwa kati ya digrii 21 za Julai na 28 za Februari na Machi. Wakazi huvaa sweta. Ni vigumu kupata mji mkubwa wa ikweta ambao umependelewa na hali ya hewa kiasi hiki, na kwa sababu hiyo inauma kuona ofisi zake zikinguruma viyoyozi.

Vioo havikuingia ghafla. Miaka ya 1990 vilikuwa bado vinapatana na kuta. Nation Centre, iliyokamilika karibu na 1997, ilikuja na minara miwili ya duara yenye mistari ya ulalo, vioo na ukuta vikipishana kama pundamilia, na mji ukaipenda. Times Tower, yenye mita 140, ilipokonya KICC taji la urefu mwishoni mwa muongo huo, nayo pia ilikuwa mchanganyiko wa ukuta na kioo.

Kisha ikaja Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998. Bomu lililolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani, pembeni mwa stesheni ya reli, liliua watu 213 Nairobi na kujeruhi maelfu. Kabla ya mlipuko mkubwa kulikuwa na kishindo kidogo, na watu katika maofisi ya jirani walisogea madirishani kutazama kuna nini. Vioo vya Co-operative House na majengo ya mitaa mingi kuizunguka vilipasuka vikawa visu. Wengi walipoteza macho siku hiyo. Yeyote aliyekuwa Nairobi anakumbuka sauti ya vioo vikiendelea kudondoka muda mrefu baada ya kishindo, na anakumbuka mafundi wakipandisha mbao kwenye matundu ya madirisha kwa wiki nyingi. Ingetarajiwa kwamba mji uliopitia hayo ungekuwa na mashaka na kioo kwa kizazi kizima. Haikuwa hivyo. Kilichobadilika ni ulinzi mlangoni na ubora wa kioo katika baadhi ya majengo. Mapenzi ya vioo yaliongezeka.

Sababu zake si za kipuuzi, na haifai kuwacheka waliozifuata. Ukuta wa vioo unaoning'inizwa kwenye fremu za alumini kama pazia ni mwembamba. Katika mji ambao ofisi hukodishwa kwa futi za mraba, ukuta mwembamba ni futi za kukodisha zaidi kila ghorofa. Hufungwa kwa haraka, na mkopo wa benki hausubiri waashi. Huja na vipimo vilivyokwisha kukatwa kiwandani, aghalabu China. Na kuna ndoto. Mwenye jengo aliyetaka mpangaji kutoka nje alionyeshwa picha za Dubai na Shanghai, na picha hizo zilikuwa za samawati. Nairobi iliwahi kuuza sura yake yenyewe kwa wageni mwaka 1973. Kufikia 2010 ilikuwa ikiazima sura ya wengine.

Upper Hill, kilima kilichokuwa na nyumba za vigae na bustani za maofisa wa reli, ndicho kilichopokea wimbi hilo. Mnara wa UAP Old Mutual, uliokamilika 2015 kwa mita 163, ndio ulioivua Times Tower taji. Msanifu alikuwa Triad, kampuni ile ile iliyotokana na mtu wa nyavu za zege. Ni jengo lenye umbo la kupendeza, tena linaonekana kutoka Barabara ya Mombasa kama kisu kilichosimama. Vizuizi vya jua vya babu zake, hata hivyo, havionekani usoni mwake. Kazi hiyo kimepewa kioo chenyewe, na rangi iliyomo ndani yake.

Je, kioo cha rangi kinaweza kazi hiyo? Kwa sehemu. Kioo cha kawaida kisicho na rangi hupitisha sehemu kubwa mno ya joto la jua. Kikitiwa rangi, samawati au shaba, hunywa sehemu ya joto hilo, lakini kilichonywewa hakipotei: kioo chenyewe hupata moto, na sehemu ya moto huo humfikia aliyekaa karibu nacho. Kioo kilichopakwa utando wa metali hurudisha jua lilikotoka, yaani kwa jirani na kwa dereva aliye barabarani. Vipo vioo vya tabaka mbili vyenye utando wa kisasa unaochuja joto na kuacha mwanga, navyo ni vizuri kweli, ila bei yake huvifanya viwe vya kwanza kuondolewa bajeti inapobanwa. Kivuli cha zege hufanya kazi kabla jua halijagusa kioo. Tofauti ya kumzuia mgeni mlangoni na kumtoa sebuleni inaeleweka na kila mtu.

Ndiyo maana jengo lililofuata linastahili aya zake lenyewe.

Britam Tower ilikamilika 2017, hatua chache kutoka UAP, na kwa mita 200 ikawa ndefu kuliko zote mjini. Inaanza chini kama mraba na kupungua kadiri inavyopanda, mpaka juu inakuwa ukingo mwembamba wenye mlingoti na mitambo mitatu midogo ya upepo. Wasanifu walikuwa GAPP wa Afrika Kusini pamoja na Triad, jina hilo tena. Wapitao chini huiona kama mnara mwingine wa vioo vya kijivu. Lakini mbele ya vioo hivyo zimepangwa fito za ulalo, maelfu kwa maelfu, safu juu ya safu, zikivunja jua kabla halijaingia. Fito hizo ni za keramiki.

Keramiki ni udongo uliochomwa. Hapo Nairobi ilizunguka ikarudi ilikotoka bila ya kutangaza. KICC ina rangi ya kigae lakini mwili wake ni zege. Britam ina rangi ya wingu lakini vazi lake ni kigae. Ile ya kwanza iliitafuta ardhi kwa rangi, ya pili imeitafuta kwa kazi, na zote mbili zimelielewa jua la mahali zilipo. Mwandishi wa makala haya haoni aibu kusema kwamba hayo ndiyo majengo mawili marefu bora Nairobi, na kwamba sababu ni moja.

Kuna ushahidi mwingine, ambao hauonekani kutoka barabarani kwa sababu hauna haja ya kuwa mrefu. Ofisi mpya za Umoja wa Mataifa kule Gigiri zilifunguliwa Machi 2011 kwa ajili ya wafanyakazi wapatao 1,200 wa mashirika ya mazingira na makazi. Paa zake zimebeba mita za mraba 6,000 za sola. Katikati ya majengo kuna nyua ndefu zilizoezekwa ambazo hupandisha hewa ya moto na kuivuta ya baridi kutoka madirishani. Viyoyozi havikuwekwa katika ofisi hizo, na kazi inaendelea. Kwa hiyo hoja ya kwamba ofisi ya kimataifa haiwezi kufanya kazi Nairobi bila mitambo ya kupoza hewa ilikwisha kujibiwa, tena na wapangaji ambao kila mwenye jengo Upper Hill angetamani kuwapata.

Baada ya vioo, kifaa kinachoibadilisha sura ya mji kwa kasi zaidi ni paneli za alumini, zile ambazo mafundi huziita zote alucobond hata zikiwa za jina jingine. Ni karatasi mbili nyembamba za alumini zilizobana kiini katikati. Zinapendwa kwa sababu zinafunika makosa: jengo la miaka ya 1970 lililochoka hufungiwa fremu, hubandikwa paneli za fedha, nyekundu au za mfano wa mbao, na baada ya miezi michache linaonekana limezaliwa jana. Vituo vya mafuta, benki, maduka makubwa ya mitaa, yote yamezivaa. Tatizo halipo kwenye alumini, lipo kwenye kile kiini. Kikiwa cha plastiki ya polithini, huwaka kama mshumaa. Tarehe 14 Juni 2017 jengo la makazi la Grenfell mjini London liliungua kuanzia ghorofa za chini hadi juu kabisa kwa sababu ya paneli za aina hiyo zilizokuwa zimebandikwa wakati wa ukarabati, na watu 72 wakafa. Dubai, mji ambao Nairobi iliuiga kwa vioo, ilikwisha kupata onyo lake: mnara wa Torch uliwaka 2015 ukawaka tena 2017, na hoteli ya Address Downtown iliwaka usiku wa kuamkia 2016 dunia nzima ikitazama fataki. Vipo viini vya madini visivyoshika moto. Kwa macho huwezi kutofautisha. Ni cheti na kipimo cha maabara tu vinavyotofautisha, na hapo ndipo mkaguzi wa kaunti anapohitajika kuliko mahali pengine popote katika ujenzi wa leo.

Mambo haya yote yanahusu majengo ya wachache. Anayeingia Nairobi kwa ndege mchana na kutazama chini upande wa mashariki haoni samawati. Anaona kijivu, kilomita baada ya kilomita: Pipeline, Kayole, Umoja, maghorofa ya kupanga yaliyosimama yakiwa yamebanana. Ni jiwe lile lile la zamani, siku hizi likikatwa kwa mashine katika machimbo ya Ndarugo upande wa Juja na kushushwa na malori alfajiri. Mbele ya jengo hupigwa plasta na kupakwa rangi ya krimu au ya chungwa ili mpangaji avutike. Ubavuni mawe hubaki uchi, kwa sababu jirani naye atajenga, ukuta ukutane na ukuta. Asipojenga kwa miaka kumi, ubavu hubaki hivyo kwa miaka kumi. Kwa hesabu ya ukubwa wa kuta, huo ndio uso halisi wa Nairobi, na haujawahi kuwekwa kwenye kadi ya posta. Kama ungepangiliwa, na kuachiwa nafasi ya upepo na mwanga, jiwe hilo lingeweza kuwa na heshima ile ile liliyonayo kwenye Jamatkhana. Halijapungua ubora wake. Kilichopungua ni nafasi kati ya nyumba na nyumba.

Karibu na ardhi rangi huamuliwa na wauzaji. Kampuni hulipaka duka bure ili lipate kuwa tangazo: kijani cha Safaricom, wekundu wa Airtel, wekundu mwingine wa soda, manjano ya sabuni. Kuna mitaa ambayo mtoto anaweza kuelekezwa kwa rangi hizo tu, "ukifika kwa kijani ukate kushoto". Zina uchangamfu wake, na mwenye duka amepata rangi ambayo asingeweza kuinunua. Ila ni ajabu kwamba katika mji wenye wasanii wengi hivi, kuta za mtaa husubiri mwaka wa bajeti wa idara ya mauzo ndipo zipate koti jipya.

Mombasa ilijaribu njia ya amri. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na kutiwa mistari ya buluu, na amri hiyo ilizua ubishi juu ya gharama na juu ya haki ya mwenye nyumba. Lakini weupe huko ulikuwa na ukoo. Nyumba za kale za Mombasa, Lamu na Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Chokaa hurudisha jua na huacha ukuta upumue, jambo ambalo saruji hailiwezi, kama wanavyojua waliojaribu kukarabati Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa plasta ya saruji na kuona chumvi na unyevu vikiipasua. Kuihamishia Nairobi amri hiyo ingekuwa kosa. Weupe huku hushindwa na udongo: msimu mmoja wa mvua, matone yanayoruka kutoka ardhini hupaka kila ukuta mweupe mkanda mwekundu unaofika magotini. Bara ina rangi zake.

Kama kuna jambo la kuamriwa Nairobi, afadhali liwe kivuli. Anayeomba kibali cha jengo la ghorofa kumi huulizwa idadi ya maegesho, umbali kutoka barabarani, njia za kutokea moto ukizuka. Anaweza pia kuulizwa mchoro mmoja zaidi: uso wa magharibi wa jengo lake, saa tisa alasiri, mwezi wa Februari, ukionyesha jua linaishia wapi. Mchoro huo leo hutolewa na programu ya kompyuta kwa dakika chache. Hauhitaji mtu apende zege wala achukie kioo. Mwenye kutaka samawati abaki nayo, mradi aweke kitu mbele yake, fito, mapezi, kibaraza, hata mimea.

Swali hili la kivuli halitasubiri sana. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda kikubwa cha vioo bapa Mkuranga, mkoa wa Pwani, Tanzania. Sasa kioo cha majengo ya Afrika Mashariki kinaweza kutoka katika mchanga wa Afrika Mashariki na kufika Nairobi kwa lori badala ya meli. Ni habari njema kwa ajira na kwa biashara ya majirani, na bila shaka kioo kitapatikana kwa urahisi zaidi, hata kwa mwenye ghorofa tano za Kayole ambaye mpaka sasa alikuwa akikiona Upper Hill tu. Malori hayo ya vioo yatakapoanza kupanda kwa wingi kupitia Namanga, yatapishana mjini na malori ya mawe yanayoshuka kutoka Juja, na mafundi wale wale wa mjengo ndio watakaoyashusha yote mawili.